Tochi ya Mkwaruzo Mmoja

12 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Sisi huku wazima, isipokuwa goti la Mama, ambalo limerudia ugomvi wake na ngazi. Anakusalimu, na ameniagiza niandike maneno yake kama yalivyo: "Mwambie kaka yangu kununua simu si dhambi." Nimeandika. Mdogo wangu amepata kazi kwenye ghala. Siku hizi anavaa kofia ngumu hata mezani.

Sasa kilichoninunulisha bahasha. Kwenye kisanduku kilichokuja na barua hii kwa basi mna tochi tatu. Mwili ni uleule, betri ileile, nguvu ileile. Zinatofautiana rangi ya mwanga tu. Kiwanda kimenitumia nichague moja, niiagize kwa msimu mzima. Nimezitia alama kwenye kitako: mkwaruzo mmoja, miwili, mitatu.

Unajua dukani kwangu kunauzwa nini. Mteja anaingia, anaomba "ile kali kuliko zote", anatoka nayo mpaka mlangoni mchana kweupe, anamulika bango la duka la viatu ng'ambo ya barabara. Bango likiwaka, ananunua. Akimpofusha na mpita njia, ananunua mbili. Juzi mmoja alijimulika machoni mwenyewe, akapepesa kama bundi, akasema, "Hii ndiyo yenyewe." Boksi la Radi, tochi inayoongoza kwa mauzo, lina namba yenye sifuri nyingi hivi kwamba aliyeichapa lazima alisinzia kidole kikiwa juu ya kitufe. Hakuna aliyewahi kuniuliza mwanga wake una rangi gani.

Wewe ndiye uliyenisimanga miaka yote. Kila harusi, kila msiba, mbele za watu: "Mpwa wangu anauza radi kwa watu wasiojua nyanya mbivu." Haya, leo nakupa usukani. Utakayoichagua ndiyo nitakayoagiza, na Radi nitaipunguza nusu. Nikikosea, rafu zitajaa tochi zisizotakiwa, na mwenye nyumba ameshaniambia yuko muuza vifuniko vya simu anayeitaka fremu yangu ya duka. Kiwanda kinataka jibu kabla Aprili haijaisha.

Nimekuamini. Usinizoee.

Kibatari wako


2 Februari

Kibatari,

Marahaba. Mimi ni mzima. Mpangaji wangu, fundi cherehani, amenunua redio ya pili ili isikike na chumba ambacho hayumo. Mwambie mama yako simu nilishaijaribu. Kioo chake kinawaka rangi ya maiti, na sina mtu wa kuongea naye kwa mwanga wa namna hiyo. Goti lake lingepona upesi kama angeacha kulisimulia.

Tochi zimefika, na chama kimekaa. Kwa kuwa mama yako hupenda kutusimulia vibaya, nakukumbusha sisi ni nani. Tuko wanne: mimi, daktari wa meno, mchora ramani mstaafu na muuza maua. Tunaketi chumba chenye ukuta mweupe, tunamulika ukuta. Kisha tunamulika nyanya, kiganja, kipande cha mbao, ua. Tunasema tulichoona. Tunarudi makwetu. Hatunywi, hatuchezi kamari, na bado majirani wanatuona vichaa, wao ambao wanakula wali chini ya taa ya buluu kama ya chumba cha barafu na hawajui samaki wao ameharibika lini.

Hao wateja wako wanaomulika bango, sina la kuwaambia. Ni watu wa kupima chakula kwa uzito wa sufuria.

Uamuzi wangu: mkwaruzo mmoja. Mwanga safi, laini, kama maziwa ya vuguvugu. Ule wa mikwaruzo miwili ni wa mtu asiye na msimamo. Mikwaruzo mitatu ni chai ya jana. Ningeimulikia choo, tena choo cha jirani.

Utashangaa kusikia wenzangu wote watatu walichagua mitatu. Daktari wa meno alinishika bega akaniuliza, "Mpiga rangi, unatania?" Nikamjibu mtu anayechungulia meno mabovu kutwa asinifundishe usafi. Nimejitoa kwenye chama mpaka waniombe radhi.

Kuna la kusikitisha. Malkia, ile tochi yangu ya shaba unayoijua tangu utotoni, imezeeka. Mwanga wake uliokuwa na uwaridi sasa umekuwa njano ya kinyesi cha ndege. Daktari wa meno anadai haijabadilika. Unaona watu niliokuwa nakaa nao.

Mjomba wako, mpiga rangi


20 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mama anasema goti halisimulii, linajisimulia. Mdogo wangu ameanza kuvua ile kofia, kichwani pametokea upara mdogo wa mviringo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. Kama ni utani, ni mzuri, nimecheka, sasa niambie ukweli.

Nimebaki na seti nyingine ya tochi hizohizo. Niliziwasha tatu jikoni juu ya kiganja cha Mama. Ya mikwaruzo mitatu, mkono ulikuwa mkono wa mama yangu, na damu ndani yake. Ya miwili, mkono wa mtu anayesubiri basi. Ya mmoja, Mama aliuvuta mkono akasema, "Zima, usinizike mapema." Ni buluu, Mjomba. Buluu ya korido ya hospitali. Nilimuuliza mtu wa kiwanda akanijibu bila aibu kwamba balbu ya mkwaruzo mmoja ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye Radi, ila imepunguzwa nguvu.

Kwa hiyo, kati ya tatu, umenichagulia Radi. Wewe uliyeiita "tusi lenye betri" siku ya harusi ya mdogo wangu, kabla hata bwana harusi hajala.

Naomba uziangalie tena. Pengine mikwaruzo ulihesabu vibaya. Na kitu kingine: mwandiko wako umekuwa mkubwa. Maneno manne yanajaza mstari. Umepanda cheo?

Kibatari


15 Machi

Kibatari,

Marahaba. Wazima wote huku. Fundi cherehani amenunua redio ya tatu.

Mikwaruzo sikuihesabu vibaya, niliipapasa kwa kidole. Naandika kubwa ili mtu aliyeharibu macho kwa kuuza Radi aweze kusoma. Na mama yako tangu udogo anavuta mkono, alivuta hata alipochanjwa.

Nimezirudia tochi zako kwenye kibaraza, sebuleni, na ndani ya kabati. Mkwaruzo mmoja. Mtu wa kiwanda ni muuzaji, na muuzaji atakwambia balbu zote ni ndugu mradi umalize mzigo. Nilifundisha macho yangu kwenye rangi za magari kabla huyo hajajua kufunga viatu. Gari likigongwa ubavu, mimi ndiye niliyekuwa nachanganya rangi mpaka mwenyewe anasahau aligongwa upande gani.

Tena nikwambie jinsi ujinga ulivyoenea, usidhani ni dukani kwako tu. Kinyozi wa mtaa wetu aliniletea gari lake la krimu, mlango umechubuka. Mimi nimestaafu, lakini aliomba kwa heshima. Nimechanganya, nimepiga, nimeng'arisha. Kazi safi. Amekuja kulichukua, akazunguka gari mara mbili, akaniambia, "Mzee, mlango ni mweupe." Nikamwambia ni krimu. Akasema, "Gari ni la krimu. Mlango ni mweupe." Akamwita muuza magazeti, naye akasema mweupe. Akamwita mwanamke aliyekuwa anapita na beseni, mtu hata simjui, naye akasema mweupe, na akaongeza, "Pole." Pole! Mtaa mzima umeoza macho kwa taa za bei rahisi, sasa wanapigiana kura.

Nimemwambia kinyozi akitaka mlango mwingine akatafute fundi wa kupaka kuta. Tangu siku hiyo najinyoa mwenyewe.

Agiza ya mkwaruzo mmoja.

Mjomba wako


24 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Goti la Mama limetulia. Anakusalimu sana, safari hii bila maneno ya kuongeza.

Sina la kubishana kuhusu kinyozi. Nakumbuka tu kwamba somo la kwanza ulilonipa gereji kwako, nikiwa nimekaa juu ya debe la msasa, lilikuwa hilo. Uliniwekea vibati viwili juani ukasema asiyejua krimu na nyeupe aondoke, akauze karanga. Nikalia, nikarudi, nikajua. Ndivyo nilivyobaki na jina hili, kwa sababu nilikuwa nachungulia vibati vyako kwa kibatari hata mchana.

Humu kwenye bahasha nimeweka vipande viwili vya kitambaa cha pamba cha aina moja. Kimoja nimekikata ncha. Kimoja ni krimu, kimoja cheupe. Niambie tu kipi ni kipi. Usivipeleke kwa mtu.

Kiwanda kimenipigia simu tena.

Kibatari


19 Aprili

Kibatari,

Salamu za mama yako zimefika, na zako nimezipokea. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi.

Mvua imenyesha. Fundi cherehani amepunguza redio. Kibaraza changu nimekiwekea kamba ya kushikia, wageni wanapenda.

Vile vitambaa nimeviona. Sina muda wa michezo ya chekechea. Mtu wa umri wangu hapewi mtihani na mtu niliyemfuta kamasi.

Kuhusu tochi, msimamo wangu unaujua.

Mjomba


27 Aprili

Mjomba,

Shikamoo.

Wageni gani? Hujawahi kupenda wageni.

Nilimpigia wakala wangu wa huko kwenu kwa habari za mzigo. Katika mazungumzo akanichekesha, au alidhani ananichekesha. Amesema kuna mzee mrefu, aproni yake ina madoa ya rangi za kila gari, anayenunua Radi. Ameshanunua tatu. Kila akija anamwambia wakala ni ya kumwonyesha mtu upuuzi. Wakala akamuuliza upuuzi huo unahitaji tochi ngapi. Mzee akamwambia hana adabu, akalipa, akapapasa mlango kabla ya kutoka.

Sikuulizi kitu. Ungetaka kusema ungesema.

Nakuambia nitakachofanya. Swali la vitambaa hujalijibu. Uamuzi wako ni mkwaruzo mmoja. Basi usiponijibu, na usipokwenda kwanza pale kwenye kliniki ya macho nyuma ya soko ambako Mama amekuandikisha kwa jina lako kamili, nitaagiza ya mkwaruzo mmoja, na juu ya kila boksi nitachapa kwa herufi nene: MWANGA HUU UMECHAGULIWA NA MJOMBA, MPIGA RANGI, MWANACHAMA WA CHAMA CHA TOCHI. Boksi la kwanza litatumwa kwa daktari wa meno. La pili kwa kinyozi.

Unanijua. Wewe ndiye uliyenilea na mdomo huu.

Kibatari


11 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Hujaandika. Kliniki wamemwambia Mama kwamba ulifika, kwamba uliwatukania taa zao, na kwamba umepangiwa siku. Zaidi ya hapo wamekataa kusema, wanasema umekataza. Sawa.

Mzigo umefika. Niliagiza ya mikwaruzo mitatu, kwa macho yangu mwenyewe. Boksi halina jina la mtu.

Habari za dukani, kwa kuwa najua unataka kuzisikia ili uzidharau. Mteja wa kwanza aliiwasha, akaigonga kiganjani, akaiwasha tena, akasema, "Dada, betri imeisha." Nikamwambia mwanga ndio ulivyo. Akaniangalia kama nimemuuzia maji ya bomba kwenye chupa. Wa pili alisema inafanana na mshumaa, na nyumbani ana mshumaa. Wa tatu aliimulikia bango la viatu, bango halikushtuka, akarudisha. Nimejaribu kueleza. Nimemwekea mmoja nyanya mezani, nikamulika kwa Radi, kisha kwa hii. Akaniuliza nyanya nauza kiasi gani.

Muuza vifuniko vya simu alikuja kupima fremu kwa hatua zake, mimi nikiwa nimesimama humohumo.

Halafu akaja muuza nyama wa kona. Alinunua moja, akarudi kesho yake akachukua kumi na mbili, akaita na wenzake wa soko la pili. Nikafurahi. Nikasema hatimaye nimepata watu wenye macho. Nikamuuliza ameipendea nini. Akasema, "Nyama ya juzi inaonekana ya leo."

Hiyo ndiyo tochi nzuri uliyonifundisha, Mjomba. Imeokoa fremu yangu kwa wizi.

Andika. Hata kwa herufi kubwa.

Kibatari


8 Julai

Kibatari,

Marahaba. Mwambie mama yako, ambaye maisha yake yote amenisema sina mtoto, kwamba nilikuwa nao wawili, mmoja kila jicho. Daktari anaita mtoto wa jicho. Wa kulia ametolewa. Wa kushoto bado yupo, anakula bure.

Nitakuambia mambo kwa mpangilio, usinikatize.

Mwaka jana nilianguka ngazi za nyuma. Sikuandika kwa sababu hakukuwa na cha kuandika: mtu alianguka, akainuka. Nikaanguka tena. Nikanunua Radi. Kwa Radi niliona ukingo wa kila ngazi. Nikailaani, nikaificha kwenye droo ya soksi, nikanunua nyingine ya kibarazani na ya tatu ya chooni. Kwenye chama nilikuwa nakwenda na Malkia mfukoni, nikiishika kwa kuonyesha tu.

Walipofungua bandeji nikawaambia wamekosea kupaka ukuta, ni wa buluu. Nesi akasema ni mweupe, siku zote ulikuwa mweupe. Nikamwambia mweupe gani huo. Nilikaa pale nikiangalia shuka kama mshamba.

Nyumbani nimewasha Malkia. Kwa jicho la kulia ni waridi, vilevile. Kwa la kushoto ni kile kinyesi nilichokuandikia. Tochi haikuzeeka hata kidogo. Ya mkwaruzo mmoja, kwa kushoto, maziwa. Kwa kulia ni rangi ya samaki aliyesahaulika kwenye ndoo. Nilikushauri ujaze duka kwa samaki huyo. Ungenisikiliza, ungekuwa unauza karanga sasa, na mimi ndiye ningekuwa nimekutuma.

Kilichokatwa ncha ndicho krimu.

Gari la kinyozi nililiona likipita. Ule mlango unapiga kelele mpaka mwisho wa mtaa. Nimeurudia. Kinyozi alinikalisha kitini akaninyoa, na kwa jinsi nilivyokuwa nimejinyoa mwenyewe tangu Machi, kazi yake ilikuwa kubwa kuliko yangu. Chama sijakiomba radhi. Nimempelekea daktari wa meno Malkia ikae kwake, kwa sharti kwamba asinishike bega. Jumapili nimeitwa.

Muuza nyama wako ni mwizi, lakini ndiye mteja wako pekee aliyeangalia kile tochi inachomulika badala ya kuangalia tochi. Mfukuze baada ya msimu.

Hao wengine bado nawadharau. Kijana mwenye macho mazima anayemulika bango la viatu ni mjinga, na ataendelea kuwa mjinga hata umwashie jua. Ila siku hizi nafumba la kulia, nashuka ngazi na la kushoto peke yake, kwanza kwa tochi ya mikwaruzo mitatu, halafu kwa Radi: kwa ya kwanza natafuta ngazi kwa unyayo, kwa ya pili naona ukingo. Daktari anataka kujua la kushoto anilipangie lini. Nimemwambia Agosti; kwanza nimalize jaribio hili la ngazi.

Radi mbili zimo kwenye kisanduku, nakurudishia; ya tatu nabaki nayo mpaka Agosti. Ni nzima, hazina hata mkwaruzo. Zisiende kwa vijana. Atakuja mzee dukani kwako, atasema anataka ile kali kuliko zote, na atakuwa na uongo wake tayari, kwamba ni ya mjukuu, au ni ya kumwonyesha mtu upuuzi. Usimbishie, na usimcheke, niachie mimi nimcheke. Mpe Radi. Kisha, kabla hajapapasa mlango, mtolee hivi vitambaa viwili ninavyokurudishia, umuulize kipi ni krimu.

Mjomba wako, mpiga rangi